Mbogo wa Banda la Twalibu

Mgeni yeyote anayeshika pedi ya gemu mbele yangu namwambia jambo moja kabla hajabonyeza chochote: utakufa. Sisemi labda. Utakanyagwa, utarushwa ukutani, utatobolewa tumbo kwa pembe nene kuliko paja lako, halafu watakuja watu wawili na machela wakuzoe na kukubwaga kambini. Vijana wa hapa wanawaita wapagazi. Wakikubeba mara tatu mawindo yamekwisha, umeshindwa, mpishe mwenzako. Wengi hawanisikii. Wanabonyeza vitufe vyote kama wanatwanga kisamvu, wanacharanga hewa, na mnyama anawangoja tu wachoke. Wakishakanyagwa ndipo wanageuza shingo na kuuliza, "Ulisemaje, fundi?"

Mimi ni Elieza, fundi pikipiki wa mtaa wa Ng'ambo. Subira sina, na mke wangu Sayi atakuwa wa kwanza kukuthibitishia. Karakana yangu imepakana na banda la gemu la Twalibu, na Jumamosi mchana nikishanawa oili huwa nimo humo, kwenye gemu la mawindo. Ni gemu gumu, la kikatili, wala halimwonei mtu huruma. Wanyama wake wote nilikuwa nimewaua isipokuwa mmoja, na huyo hakuna aliyekuwa amemuua katika banda lile. Ana jina refu la kizungu ambalo hakuna anayelikumbuka. Sisi tunamwita Mbogo, kwa sababu ya pembe na kwa sababu ya roho yake.

Mbogo amevaa magamba mwili mzima. Upanga unateleza, mkuki unadunda. Pana sehemu moja tu laini, kisogoni, nyuma ya pembe, na kwa miguu yako huifikii. Lazima mwenzako mwenye nyundo akupige nyundo ya kutoka chini kwenda juu. Haikuui, inakurusha, na ukiwa hewani unamwangukia mnyama shingoni na kumchoma. Shemeji yangu Shukrani, mdogo wake Sayi, ndiye aliyegundua mbinu hiyo. Kila Jumamosi nilikuwa nampiga nyundo, anaruka, anacheka kwa sauti mpaka mafundi cherehani wa ng'ambo ya barabara wanatutukana. Tulibakiza kidogo tu tummalize.

Kisha mbogo wa kweli akamuua Shukrani.

Alikuwa amekwenda kulina asali. Mizinga yao ya magome imetundikwa msituni, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wenyewe na pembe za ndovu mabegani. Kuna mtu alikuwa ametega waya. Mbogo alikuwa ameukata na kutembea nao siku nyingi, umemla mguu mpaka mfupani, naye akajibanza kichakani akimsubiri binadamu yeyote atakayepita. Aliyepita ni Shukrani, ndoo mkononi. Wenzake walipanda miti. Wanasema alimrusha, akamrudia, akampiga magoti akiwa chini, akamrudia tena wakati hakukuwa tena na mtu wa kurudiwa. Kushuka kumchukua hawakuweza mpaka mnyama alipochoka mwenyewe na kuondoka. Walimleta kijijini kwao Ntalikwa amefungwa kwenye turubai, na turubai halikufunguliwa.

Mama yake hakulia. Mama Paskazia, mama mkwe wangu, alisimama kaburini na macho makavu kama kokoto. Wanawake walimzunguka, wakamwanzishia kilio mara kadhaa ili adakie, hakudakia. Aliporudi nyumbani alichukua jembe akaenda shambani. Siku zikapita, macho ni yale yale, na chakula akawa anakionja tu. Sayi akawa anarudi kutoka kwao akiniambia, "Elieza, mama ataondoka. Kile kitu kimemkaa kooni, kitamuua."

Na watu nao wana midomo. Jamaa mmoja alisema mbele yangu, gulioni, kwamba mama asiyemlilia mwanawe anajua kilichompeleka mwanawe msituni. Sehemu hizi maneno ya namna hiyo, ya kumhusisha mwanamke mzee na uchawi, si ya kuchezea. Yameshawahi kuleta mapanga usiku. Nilimpiga ngumi ya mdomo, nikasikia jino likikatika chini ya vidole vyangu, nikampiga ya pili kabla hajaanguka. Naye hakuwa mnyonge, alinipasua nyusi kwa jiwe la mizani. Tulitenganishwa tukiwa damu tupu, na hadi leo sijutii.

Sayi alikuwa ananiosha jeraha aliponiambia mama yake ananiita.

Hapa lazima nieleze, maana watu wa mjini siku hizi hawajui adabu hizi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hamkai kiti kimoja, hamli pamoja, hampeani mkono. Ukikutana naye njiani unaingia majanini ili apite. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mkeo. Ukimgusa kwa bahati mbaya, achilia mbali kumpiga, unapeleka mbuzi, na jina lako linaharibika kwa miaka. Nimemwoa Sayi muda mrefu, watoto wako shule, na sura ya mama Paskazia naijua kwa kuiba tu, harusini na msibani.

Basi nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, mgongo nimeuelekeza ndani. Sayi alisimama mlangoni.

"Mwambie mama shikamoo," nilisema nikiutazama uwanja.

"Mwambie marahaba. Sayi, muulize mumeo, yule mbogo wa kwenye kioo, aliyekuwa akimsimulia Shukrani, bado anaishi?"

"Mama anauliza yule mbogo wa kwenye kioo bado anaishi," Sayi alisema, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie bado yupo."

"Anasema bado yupo, mama."

Kuku walipita mbele yangu.

"Mwambie mumeo nataka kumuua."

Nilidhani nitacheka. Sikucheka. Yule wa msituni walinzi wa wanyama walimtafuta wasimpate. Mwanamke huyu alikuwa na hasira ya kumuua mnyama mkubwa kuliko nyumba yake na hakuwa na mnyama. Nikasema, "Mwambie Jumamosi."

Twalibu alifukuza vijana benchi la mbele. Tulikaa hivi: mama Paskazia kulia, amejitanda kanga mpaka kwenye shavu la upande wangu, Sayi katikati, mimi kushoto. Vijana walijazana nyuma na hakuna aliyethubutu kukohoa. Ajabu ni kwamba wote wawili tulikuwa tunakitazama kioo kimoja, na kukitazama kioo hakuna mwiko wowote.

"Mwambie mama asibonyeze hovyo," nilianza. "Kila pigo lina gharama, ukishalirusha huwezi kulirudisha, na mnyama anangoja hapo hapo. Amtazame kwanza. Kila mnyama ana dalili yake kabla hajapiga. Aijue dalili kabla ya kuinua silaha."

"Mwambie nimefuga ng'ombe," mama alijibu.

Alichagua mkuki. Tulianza na mijusi mikubwa ya bondeni, na yule mama, wallahi, aliwaua kama anawadai roho. Aliwachoma machoni, aliwachoma wakiwa wamelala, aliwafuata wakichechemea mpaka mashimoni mwao. Damu iliruka mpaka ikaziba kioo. "Kwa nini damu yao ni ya kijani?" aliuliza kupitia kwa Sayi. Nikamfundisha kula kabla ya kutoka kambini, maana mwindaji mwenye njaa pumzi zinamkatikia katikati ya vita. Jumamosi iliyofuata alikuja na matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, yamefungwa kwenye kitambaa, akampa Sayi anipe, tukala kila mmoja amegeukia upande wake. Sayi alinikanyaga mguu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwona mama yake akitafuna.

Nikamfundisha kunoa mkuki nyuma ya mwamba na si mbele ya meno. Nikamfundisha kutokunywa dawa mnyama akikutazama, kosa linalomuua kila mgeni: damu imebaki kidogo, unababaika, unainua chupa, na mnyama anakuponda chupa ikiwa mdomoni. Kimbia kwanza, nikasema, aibu haina kitu hapa. Na akirudi nyuma kukwepa asirudi moja kwa moja, aingie ubavuni kwake, chini ya mbavu, pembe hazifiki huko. Alishika yote. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe lakini alikuwa na kitu ambacho vijana wangu hawana. Hakuwa anaogopa.

Tulipokwenda kwa Mbogo tulichinjwa.

Mara ya kwanza alitutoa roho kabla mama hajamgusa. Alimtokea kwenye majani marefu, akamkita chini, akamburuza kwa pembe kwenye mawe huku pedi inatetemeka mikononi mwake, na nikamsikia mama Paskazia akivuta pumzi kwa meno. Nilifikiri atainuka aondoke. "Tena," akasema.

Lakini kila tulipokwenda tulishindwa, na tulishindwa kwa namna ya kijinga. Mimi nikiona mnyama anageuka nasema, "Sayi, mwambie mama aende kulia." Sayi anasema, "Mama, Elieza anasema uende kulia." Mpaka hapo mama ameshakuwa uji. Naye akiona nafasi anasema, "Mwambie mumeo apige miguu," na neno linanifikia mnyama akiwa ameshasimama. Sayi alikuwa anatoka jasho kuliko sisi tuliokuwa tunapigana.

La pili lilikuwa baya zaidi. Nilikuwa namwinda Mbogo, nyundo juu, kichwa chake kiko wazi kabisa, halafu mwindaji wa mama anapita mbele yangu, na mimi nampisha. Mikono yangu ilifanya yenyewe. Nilimtoa mwindaji wangu njiani, akaingia majanini kwa heshima, na mnyama akapata nafasi ya kuinuka na kumkanyaga mama mkwe wangu hadi kichwa kikapotea kwenye matope. Nilifanya hivyo mara nyingi. Vijana walikuwa wanajishika midomo.

"Elieza," Twalibu alisema mwishowe kutoka mlangoni, "unamuua mkweo kwa adabu."

Nilimtukana. Alikuwa amesema kweli, ndiyo maana nilimtukana. Na kila mtu mle ndani alijua dawa ya Mbogo ni nini. Walimwona Shukrani akiruka. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Nani atasema mbele ya watu kwamba mwanamume ampige mama mkwe wake kwa nyundo?

Jumamosi ya mwisho mvua ilikuwa inapiga bati, banda limejaa. Tulipigana vizuri kuliko siku zote. Nilimvunja pembe moja, ikatoka na kipande cha fuvu, na akapiga kelele iliyotikisa spika za Twalibu. Mama alimchimba goti la mbele mpaka magamba yakang'oka na nyama ikaonekana, akawa anachechemea, anaruka kwa hasira, anang'oa miti. Halafu alinishika mimi. Alinibana ukutani, akanisaga, wapagazi wakanizoa. Nilirudi mbio kutoka kambini na kumkuta amemrusha mama, anamwangukia kwa magoti, anarudi, anamwangukia tena. Wapagazi wakamzoa na yeye. Tulikuwa tumebebwa mara mbili; ya tatu ndiyo mwisho. Nilimtazama Sayi; alikuwa amefumba macho. Alijua, kama nilivyojua, kwamba katika ule mwili uliopigwa magoti mama yake alimwona Shukrani.

Mama Paskazia alirudi kutoka kambini akikimbia, mkuki mkononi. Alikuja moja kwa moja hadi alipokuwa mwindaji wangu, akasimama mbele yangu. Nikampisha. Akanifuata. Nikampisha tena. Kule mbele Mbogo alikuwa anakwangua ardhi kwa kwato, pembe moja iliyobaki imeinama.

"Mkwe," alisema.

Sayi alifumbua macho. Nilidhani nimesikia vibaya, maana sauti haikupitia kwa mtu.

"Elieza, nipige."

"Mama, siwezi..."

"Shukrani aliniambia. Ulikuwa ukimpiga, anaruka. Alikuja nyumbani anacheka, ananionyesha kwa mwiko wa ugali. Nipige. Anakuja!"

Alikuwa anakuja kweli. Alikuwa amejaa kioo chote, macho mekundu, povu, mguu mmoja unaburuzika. Nikabana kitufe, nyundo ikashuka chini nyuma yangu, nikahisi uzito wake kwenye vidole kana kwamba ni chuma cha kweli, nikaiachia. Nilimpiga mama mkwe wangu chini ya mbavu kwa nguvu zote za gemu lile. Mtu mmoja nyuma alisema, "Mamaaa!"

Akaruka. Alikwenda juu kabisa, Mbogo akapita chini yake na kunizoa mimi badala yake, na wakati ananikandamiza nilimwona akishuka. Mkuki ulizama kisogoni hadi mpini. Mnyama alisimama kwa miguu ya nyuma. Akajitupa huku na huku, akajibamiza kwenye mwamba kumtoa, na mama akawa anachomoa na kuchoma, anachomoa na kuchoma, damu inamwagika kama bomba limepasuka, na kila akichoma alikuwa anasema kitu kwa Kisukuma kwa sauti ndogo, kavu. Sitakitafsiri. Mbogo alipiga magoti. Hata alipokwisha kulala, ulimi nje, mkuki uliendelea kwenda.

Vijana walilipuka. Walirukia mabenchi, walikumbatiana, Twalibu alikuwa anapiga sufuria la chai kwa kijiko. Mimi nilikuwa napiga kelele, "Chuna, mama! Chuna haraka, mwili unapotea!" maana hilo nalo mgeni lazima afundishwe: ukishaua una muda mfupi wa kuchukua ngozi na pembe. Nilimwambia mwenyewe, moja kwa moja, nimesahau kabisa kwamba Sayi yupo katikati.

Hakuchuna. Mwili ulififia, kioo kikatupeleka kambini, kwenye ubao wa mawindo. Na pale juu kabisa ya ubao ilikuwapo picha ya Mbogo, mzima, pembe zote mbili.

Mama aliitazama.

"Kumbe hajafa?"

Mimi mjinga, na furaha imenipanda kichwani, nikamjibu haraka kama ninavyomjibu kila mgeni. "Huwa anarudi, mama. Wote wanarudi. Hata sisi, si umeona? Tunauawa, tunabebwa, tunarudi. Ukitaka unamuua tena kesho."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Na wangu?"

Kelele za nyuma zilikufa moja moja. Pedi ilimtoka mkononi ikaanguka sakafuni. Kwanza ilitoka sauti kama mtu anayekohoa mfupa, kisha ikafunguka. "Ng'wana wane!" alilia. Mwanangu. Kilio kile kilishinda mvua kwenye bati. Aliangukia mapajani mwa Sayi, wakalia wote wawili, na mimi nikainuka nikatoka nje kwenye mvua kwa sababu sikuwa na pa kuweka mikono yangu.

Kwetu kilio kikisikika watu hawaulizi. Mafundi cherehani walivuka barabara na kanga vichwani. Muuza maandazi aliacha mafuta yake yakichemka. Wanawake waliingia kwenye banda la gemu wakilia tayari kutoka mlangoni, wakamzunguka, na safari hii alidakia. Twalibu alizima kioo, akatoa mabenchi nje, akaazima mikeka kwa jirani. Vijana wangu walikaa kwenye mabenchi mvuani pamoja nami kama wanaume wanavyokaa msibani, hakuna aliyesema neno la gemu. Yule jamaa wa jino alipita na baiskeli yake. Alisikiliza, akashuka, akaegesha, akaja kukaa benchi la mwisho. Nilimwacha.

Juma lililofuata nilimfunga kamba mbuzi jike nikampeleka Ntalikwa. Nilikuwa nimempiga mama mkwe wangu mbele ya mashahidi, na iwe kwenye kioo au wapi, mikono iliyopiga ni hii. Nilikaa kwenye kigoda kile kile, mgongo umeelekea mlangoni, mbuzi anakula majani ya kibarazani. Ndani nilisikia kijiko kikigonga bakuli, alikuwa anakula.

"Sayi," alisema mama, "mwambie mumeo mbuzi nimempokea."

"Mama anasema amempokea."

"Na mwambie alichelewa sana kunipiga."

Sayi aligeuka anirudie maneno kama desturi. Nilimwinulia mkono asirudie, nilikuwa nalia.